Siku Mbili Katika Rasi ya Dingle: Ziara ya Ayalandi kwa Macho ya Mwongoza Watalii wa Moshi

Kwa miaka kumi na minne nimefanya kazi ya kuongoza watalii, kwanza mlimani na baadaye katika hifadhi za kaskazini, na kwa miaka yote hiyo wageni wamekuwa wakirudi makwao na kuandika tathmini: gari lilikuwa zuri au bovu, mwongozaji alijua au alibahatisha, chakula cha boksi kilitosha au hakikutosha. Mwishoni mwa mwezi Mei, wakati masika yamepunguza wageni na magari mengi yako gereji, zamu ilinigeukia nikawa mimi ndiye mgeni. Mdogo wangu wa kike, ambaye ni muuguzi mjini Cork, kusini mwa Ayalandi, alinialika wakati wa likizo yake, na kwa pamoja tukanunua ziara ya siku mbili ya Rasi ya Dingle, iliyoko kaunti ya Kerry kwenye pwani ya magharibi ya nchi hiyo. Tulilipa yuro 190 kila mmoja, fedha iliyojumuisha usafiri wa basi dogo la abiria kumi na wanne, mwongozaji, viingilio viwili, na usiku mmoja wenye kifungua kinywa katika nyumba ya wageni mjini Dingle.

Jina la kampuni nimeliacha, kwa kuwa malalamiko yangu niliyapeleka kwao wenyewe na ni haki yao kuyashughulikia. Ninachotaka kueleza hapa ni huduma yenyewe na miji tuliyoiona, kwa ajili ya Mtanzania anayefikiria safari ya namna hiyo na kwa wenzangu wa kazi wa Moshi na Arusha. Niseme mapema kwamba ziara hii ilistahili fedha tuliyolipa, na kilichoifanya istahili ni mwongozaji mzaliwa wa rasi ile, mzee wa miaka sitini na kitu, ambaye kila jiwe alilotuonyesha alilijua kwa jina ambalo bibi yake alilitumia.

Kuhusu maandalizi sitakaa sana. Mtanzania anahitaji viza ya Ayalandi, na ni muhimu kuelewa kwamba Ayalandi haimo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hivyo viza ya Ufaransa au Ujerumani haikufikishi huko. Ada ya viza ya kuingia mara moja ni yuro 60. Ziara yetu ilianzia Tralee, mji unaofikika kwa treni kutoka Dublin kwa takriban saa nne na pia kutoka Cork. Chukua koti lisilopitisha maji hata kama ni majira ya joto, kwa sababu katika siku hizo mbili tulinyeshewa mara sita, na kila mara jua lilirudi kabla hatujamaliza kulalamika.

Rasi ya Dingle ni ulimi wa nchi kavu unaoingia baharini kwa karibu kilomita 50 kuelekea magharibi, wenye milima katikati na vijiji pembezoni. Wenyeji huiita Corca Dhuibhne. Tulichoita miji katika ratiba yetu, kwa hesabu ya huku kwetu ni vijiji: Dingle wenyewe, ambao ndio mkubwa kuliko yote, una wakazi wasiofika elfu mbili, na Annascaul ni barabara moja yenye nyumba pande zote mbili.

Kituo cha kwanza kilikuwa Blennerville, nje kidogo ya Tralee, penye kinu cha upepo cheupe kilichojengwa mwaka 1800. Nilidhani tungepiga picha na kuondoka, lakini mwongozaji wetu alituteremsha, akatupanga nyuma ya ukuta ili upepo usitupige, akaanza kueleza habari ya viazi. Mwaka 1845 ugonjwa ambao wakulima wetu wa viazi na nyanya wanauita bakajani chelewa uliingia mashambani Ayalandi, nchi ambayo maskini wake walikuwa wakila viazi karibu kila siku ya mwaka, na kwa miaka iliyofuata watu takriban milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni moja wakaihama nchi. Kutoka bandari ya Blennerville, mwaka 1848, meli iliyoitwa Jeanie Johnston ilifunga safari yake ya kwanza ya kupeleka wahamiaji Quebec, Kanada. Nimelima viazi na marehemu baba yangu, na najua jinsi jani linavyoanza na doa dogo la kahawia asubuhi na kufikia jioni ya siku ya tatu shamba zima linanuka. Sisi tulikuwa na ndizi, maharage na mahindi kando ya viazi hivyo. Wao walikuwa na viazi tu, na hilo mzee alilisema kwa sauti ya chini, kama anayesimulia msiba wa mwaka jana.

Kutoka hapo tulikwenda Annascaul, na hapa ndipo nilipojua kwamba sikupoteza nauli yangu. Kijijini humo kuna baa ya rangi ya buluu inayoitwa South Pole Inn, na mbele yake, ng'ambo ya barabara, kuna sanamu ya mwanamume aliyepakata watoto wawili wa mbwa. Huyo ni Tom Crean, aliyezaliwa jirani na hapo mwaka 1877 katika familia ya wakulima, akaingia jeshi la majini la Uingereza akiwa kijana, kisha akashiriki misafara mitatu ya Antaktika, miwili chini ya Robert Scott na mmoja chini ya Ernest Shackleton. Mwaka 1912, wakirudi kutoka kumsindikiza Scott kuelekea Ncha ya Kusini, mwenzao Edward Evans aliugua kiseyeye hadi akashindwa kusimama. Walimfunga kwenye sleji, yaani kitoroli kisicho na magurudumu cha kuburuta juu ya barafu, wakamvuta kwa siku kadhaa, na nguvu zilipokwisha, Crean aliondoka peke yake, bila hema, akiwa na biskuti chache na vipande viwili vya chokoleti mfukoni, akatembea takriban kilomita 56 juu ya barafu kwa saa kumi na nane kwenda kuita msaada. Evans akapona. Crean alirudi Annascaul, akafungua baa ile, akaishi humo na mkewe na mabinti zake hadi alipofariki mwaka 1938, na inasemekana kwamba habari za Antaktika hakupenda kuzizungumzia.

Wenzangu waliowahi kubeba mizigo Kilimanjaro wataelewa kwa nini nilisimama pale hadi mdogo wangu akaja kunishika mkono. Nilianza kazi nikiwa mgumu, kama tunavyojiita, na mara mbili nimeshiriki kumteremsha mgeni aliyezidiwa usiku kutoka kambi ya Barafu, mvua ya mawe ikipiga, tochi tatu kati yetu sita. Mgeni akipona, jina linaloandikwa ni lake na la kampuni. Kwa miaka mingi habari za misafara ile ya barafu zilikuwa habari za makapteni, na Crean, kwa kuwa alikuwa baharia wa cheo cha chini, alitajwa pembeni. Sanamu yake ilisimamishwa mwaka 2003, miaka 65 baada ya kifo chake, katika kijiji chake. Mwongozaji wetu alitupa dakika arobaini na tano Annascaul ingawa ratiba ilisema ishirini, na mimi nahesabu uamuzi huo kuwa kazi nzuri kuliko zote alizofanya siku hiyo, kwa sababu alisoma nyuso za wageni wake badala ya kusoma saa.

Inch tulipita kwa haraka. Ni ufukwe wa mchanga wa kilomita tano ulionyooka kama rula, mzuri kweli, lakini mvua ilikuwa ya kukatisha na hatukuteremka.

Dingle tuliufikia saa kumi jioni na tukaachiwa muda wetu hadi asubuhi, jambo ambalo kampuni nyingi huliogopa na ambalo hawa wamelifanya vizuri. Katika mji mdogo mgeni anahitaji saa chache za kutembea bila kuongozwa. Nyumba ya wageni ilikuwa safi, kitanda chema, maji ya moto ya kutosha, na mama mwenye nyumba alituuliza Kilimanjaro iko upande gani wa Tanzania kisha akaleta ramani ili tumwonyeshe. Jua lilizama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo tulikuwa na jioni ndefu. Mbele za nyumba zimepakwa rangi kali, njano karibu na zambarau, na maduka bado yanafanya kazi zaidi ya moja kama zamani: baa ya Foxy John's ina kaunta ya bia upande mmoja na upande wa pili misumari, nyundo na balbu, na Dick Mack's ilikuwa duka la mshona viatu na baa kwa pamoja, na rafu za ngozi bado zipo. Nilipoona hivyo nilikumbuka maduka ya zamani ya Kibosho na Marangu, ambapo ungeweza kununua sukari, kibiriti na chepeo kwa mtu yule yule aliyekuwa pia anashona suruali. Maduka hayo kwetu yamevunjwa. Kule yanatunzwa, na wageni hulipa ndege ili kuyaona.

Katika kanisa dogo la iliyokuwa nyumba ya watawa, mahali panapoitwa Díseart, kuna madirisha ya vioo vya rangi yaliyotengenezwa na Harry Clarke katika miaka ya 1920, yanayoonyesha maisha ya Yesu katika picha kumi na mbili. Tulikuwa watu wanne tu ndani. Buluu ya vioo vile sijawahi kuiona katika kanisa lolote, na mwanga wa jioni ulikuwa ukiishusha sakafuni hadi kwenye viatu vyetu.

Bandarini kuna sanamu ya shaba ya pomboo. Pomboo huyo, aliyeitwa Fungie, alitokea kwenye ghuba ya Dingle mwaka 1983, akakaa peke yake akicheza na mashua kwa miaka 37, na boti za kupeleka watu kumtazama zikawa riziki ya familia nyingi, hadi Oktoba 2020 alipotoweka. Nilimuuliza mvuvi aliyekuwa akipanga mitego ya kamba walifanyaje baada ya hapo. Alisema boti sasa hupeleka watu kuona ndege wa baharini, sili na visiwa, na kwamba ilibidi wajifunze kueleza mambo ambayo zamani hakuna aliyewauliza, kwa kuwa kila mtu alimtaka pomboo. Sisi tunaowaahidi wageni faru wa Ngorongoro kana kwamba tumemfunga kamba tunapaswa kumsikiliza mvuvi huyo.

Chakula kilikuwa supu nzito ya samaki yenye maziwa, na mkate wa ngano wa kahawia ambao haukuumuliwa kwa hamira bali kwa magadi. Bei iko juu kwa mfuko wa Mtanzania. Tuligawana sahani ya pili. Aiskrimu ya chumvi ya bahari ya Murphy's, ambayo chumvi yake hutokana na maji ya bahari ya hapo hapo, ni kitu cha kujaribu.

Jambo moja la mji huo nililipenda kiasi kwamba nimelisimulia mara nyingi tangu nirudi. Mwaka 2005 serikali iliamua kwamba, kwa kuwa mji uko katika eneo linalozungumza Kiayalandi, jina rasmi litakuwa la Kiayalandi pekee, na neno Dingle likaondolewa kwenye vibao vya barabarani. Wenyeji, ambao wengi wao wanakipenda Kiayalandi na wanakizungumza, walikataa kuamuliwa, wakapiga kura yao mwaka 2006: 1,005 walitaka jina la lugha mbili, 70 walipinga. Ilichukua miaka mitano zaidi kabla ya sheria kukubali majina yote mawili, Dingle na Daingean Uí Chúis. Mzee wetu alitueleza hayo asubuhi tukiwa tumesimama chini ya kibao chenyewe, na alikuwa mkweli kiasi cha kusema kwamba yeye na kaka yake walipiga kura tofauti.

Siku ya pili ndiyo siku ya mawe. Barabara ya Slea Head, yenye mzunguko wa kilomita 47 kutoka Dingle kurudi Dingle, ni nyembamba, upande mmoja jabali na upande mwingine bahari, na magari makubwa huizunguka kwa mwelekeo wa saa ili yasikutane uso kwa uso mahali pasipo nafasi. Vibao vingi huko ni vya Kiayalandi peke yake. Mdogo wangu, ambaye ana leseni ya nchi ile, alikiri kwamba alipoona maandishi GÉILL SLÍ kwa mara ya kwanza hakujua kama anaambiwa asimame au apite. Maana yake ni kupisha.

Fahan, chini ya Mlima Eagle, kuna nyumba za mawe za mviringo ambazo kwa Kiayalandi huitwa clochán. Mchaga yeyote akiziona kwa mbali atasema ni msonge, kwa kuwa umbo ni lile lile la nyumba za babu zetu, isipokuwa mahali pa nyasi na majani ya migomba kuna jiwe tupu kuanzia chini hadi kileleni. Hakuna chokaa wala udongo wa kushikiza. Mwongozaji alitukalisha ndani ya moja, akamulika ukuta kwa tochi, akatuonyesha siri yake: kila safu ya mawe inaingia ndani kidogo kuliko safu iliyo chini yake, hadi juu kabisa ambapo mwanya uliobaki unafunikwa kwa jiwe moja pana, na kila jiwe limelazwa likiwa limeinama kidogo kuelekea nje, ili maji ya mvua yatiririke upande wa nje badala ya kuingia ndani. Nilipitisha kiganja ukutani. Nje mvua ilikuwa ikinyesha kwa nguvu, na mawe ya ndani yalikuwa makavu. Ziko kwenye ardhi ya mkulima ambaye hutoza ada ndogo mlangoni na kondoo wake huendelea na malisho katikati ya wageni. Kwa watu wa Mto wa Mbu na Longido, ambao tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakiendesha utalii wa kitamaduni kwenye maeneo yao wenyewe, mpango huo hautakuwa mgeni.

Jirani na hapo kuna ngome ya Dunbeg, iliyojengwa kwenye ncha ya jabali juu ya bahari. Tuliitazama kwa mbali tu, kwa sababu sehemu ya ngome hiyo imekwisha kuporomoka baharini kutokana na dhoruba za miaka ya karibuni. Mzee alikumbuka ukuta ambao alikuwa akikaa juu yake akiwa mtoto na ambao sasa uko chini ya maji.

Kanisa la Gallarus ndilo lililonishika kuliko yote. Ni chumba kimoja cha mawe chenye umbo la mtumbwi uliogeuzwa kifudifudi, mlango mmoja mfupi upande wa magharibi na dirisha moja dogo upande wa mashariki. Mafundi walitumia mbinu ile ile ya Fahan, lakini safari hii kwa nyumba ya pembe nne, jambo gumu zaidi, kwa kuwa ukuta mrefu ulionyooka hupenda kubonyea katikati, na ukilitazama paa kwa ubavu utaona kweli limebonyea kidogo. Halijadondoka. Wataalamu hawajakubaliana kuhusu umri wake. Wapo wanaolipeleka karne ya 7 au ya 8, na wapo wanaosema ni la karne ya 12. Simulizi ya wenyeji ni kwamba atakayetoka nje kwa kupitia dirisha lile roho yake itatakasika, na dirisha lenyewe hupitisha mkono tu. Nimewahi kupeleka wageni Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, penye kuta na mifereji ya mawe ya wakulima walioondoka karne kadhaa zilizopita, nayo imejengwa bila chokaa, na kwa miaka mingi nimewaona wageni wakitazama dakika kumi na kurudi garini. Pale Gallarus nilielewa kwamba kosa lilikuwa langu. Mimi huwaonyesha ukuta na kuwatajia karne. Mzee huyu hakutaja karne hata moja kabla ya kutufanya tushike jiwe na kuuliza maji yanakwenda wapi. Kwa faida ya atakayekwenda bila kampuni: kulifikia kanisa lenyewe hakuna kiingilio, na ada inayotozwa jirani ni ya maegesho na filamu fupi.

Malalamiko yangu ya kwanza yanahusu Dún Chaoin, kijiji cha mwisho magharibi, ambako kuna kituo cha kumbukumbu cha Visiwa vya Blasket kilichofunguliwa mwaka 1993. Kisiwa Kikubwa cha Blasket, ambacho unakiona mbele yako ng'ambo ya mlango wa bahari, kilikuwa na watu 176 mwaka 1916. Waliishi kwa uvuvi, kondoo na viazi, bila daktari wala padri mkaazi, na kutoka kwao walitokea wasimulizi na waandishi wa Kiayalandi ambao shule za nchi nzima zimewasoma, miongoni mwao Peig Sayers, mama aliyezaliwa Dún Chaoin mwaka 1873 na kuolewa kisiwani, ambaye maisha yake aliyasimulia kwa mdomo na mwanawe akayaandika. Vijana walihamia Marekani mmoja baada ya mwingine. Karibu na Krismasi ya mwaka 1946 kijana mmoja aliugua, bahari ikawa imechafuka, hakuna mashua iliyoweza kuvuka kumletea daktari, akafa. Mwaka 1953 serikali iliwahamisha watu 22 waliobaki, na mwaka huo huo reli nyembamba ya Tralee hadi Dingle, iliyofunguliwa mwaka 1891, nayo ilifungwa. Nyumba za kisiwani sasa hazina mapaa.

Kwa habari yote hiyo tulipewa dakika thelathini. Kituo kina ukumbi mrefu unaoishia kwenye dirisha kubwa linalotazama kisiwa, na picha za watu ukutani zinakusindikiza hadi hapo. Mdogo wangu alikuwa amefika nusu ya ukumbi tulipoitwa garini. Dakika hizo zilitakiwa kwa ajili ya kusimama kwa saa nzima kwenye duka la sweta na zawadi mchana, kituo ambacho ratiba ilikiandika kama mapumziko ya chakula. Najua biashara hii na najua kwa nini gari husimama dukani. Nimesimamisha gari kwenye maduka ya vinyago mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Lakini mgeni aliyelipa kuona historia akatolewa mbele ya dirisha lile ili apelekwe kwenye sweta, amepunjwa.

Malalamiko ya pili ni makubwa zaidi. Tangazo la ziara, pamoja na picha yake, liliahidi kwamba tutarudi Tralee kupitia Conor Pass, mojawapo ya barabara za mlimani za juu kabisa nchini Ayalandi. Barabara hiyo hairuhusu gari lenye uzito unaozidi tani mbili, na kibao cha kueleza hivyo kipo wazi. Basi letu lilizidi. Haikuwa suala la ukungu wala la muda. Gari lile halikuwa na ruhusa ya kupita hapo siku ile wala siku nyingine, na aliyeandika tangazo alipaswa kulijua hilo kabla ya kuweka picha. Mwongozaji alitwambia ukweli asubuhi, akaomba radhi kwa kosa ambalo si lake, na basi likarudi Tralee kwa njia ya Annascaul. Mgeni akiniambia kwamba aliahidiwa Ngorongoro akafikishwa getini tu, sitakuwa na jibu.

Sisi hatukurudi na wenzetu. Tuliomba kubaki Dingle usiku mmoja zaidi kwa gharama zetu, na asubuhi tukachukua teksi ndogo hadi juu ya Conor Pass na kuteremka upande wa pili. Barabara imechongwa kwenye ubavu wa mwamba na kuna mahali ambapo magari mawili hayapishani, mmoja lazima arudi nyuma. Juu, ukitazama kaskazini, kuna bonde lililochimbwa na barafu ya kale, maziwa madogo meusi chini yake, na upande wa magharibi Mlima Brandon wenye mita 952, unaobeba jina la Mtakatifu Brendan, mtawa msafiri wa karne ya 6, na ambao mahujaji huupanda hadi leo. Dereva alisema ukungu wake hufunga ndani ya dakika chache na kwamba watu hupotea humo. Nilimwamini bila kuuliza urefu.

Nirudi kwenye lugha, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikitembea chini ya ziara nzima. Mzee wetu alizungumza nasi Kiingereza, lakini kila tulipopita mtu barabarani alishusha kioo na kusalimiana kwa Kiayalandi. Alitueleza kwamba kila mwaka kuanzia Juni wanafunzi kutoka Dublin na miji mingine huletwa kwenye rasi, wakalala kwenye nyumba za wenyeji kwa wiki kadhaa ili wajifunze lugha, na akina mama wenye nyumba hulipwa kwa kuwapokea. Familia inayozungumza Kiayalandi mezani ina sababu ya kipato kuendelea kukizungumza. Mdogo wangu na mimi tulikuwa tukiongea Kiswahili kwenye viti vya nyuma, na mzee alipouliza kama hiyo ndiyo lugha ya nyumbani kwetu, mdogo wangu alisema hapana, ya nyumbani ni Kivunjo. Akaomba asikie. Mdogo wangu akasita, akanitazama, akaniuliza kwa Kiswahili, "Kaka, 'mawe' wanasemaje?" Nilimwambia. Akamwambia mzee, na mzee akalirudia neno lile mara tatu hadi akalipatia.

Kwa upande wa huduma nilimpa mwongozaji alama zote, na tipu tuliyompa aliihesabu kuwa nyingi akataka kurudisha nusu. Kampuni niliipa nyota tatu kati ya tano. Niliwaandikia kuhusu dakika za Dún Chaoin na kuhusu Conor Pass, na baada ya siku nne walijibu kwa adabu, wakaturudishia yuro 20 kila mmoja, wakasema watabadilisha tangazo. Nimelifungua leo kabla ya kuandika haya. Neno Conor Pass limeondolewa kwenye ratiba, na picha bado ipo.